Fanki Haikuwa Chambo

Kasha la albamu za The Brecker Brothers likitajwa tu, swali huwa lilelile: diski zipi ni jazi halisi, na zipi za kurukwa kwa kuwa ni za biashara? Kasha hilo lilitoka mwaka 2012 likiwa na diski 8. Kati ya hizo, 6 ni albamu ambazo Randy Brecker, mpiga tarumbeta, na mdogo wake Michael, mpuliza saksafoni ya tena, walizitoa kupitia kampuni ya Arista kuanzia 1975 hadi 1981. 2 zilizobaki ni za jukwaani Montreux, 1978. Swali lenyewe ndilo bovu. Anayeliuliza ameshaamini kwamba fanki ilikuwa chambo cha kuuzia santuri na kwamba jazi ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe, na imani hiyo imewanyima watu wengi masikio.

Uchukuliwe wimbo unaofungua albamu ya kwanza, "Some Skunk Funk", alioutunga Randy. Tarumbeta, alto ya David Sanborn na tena ya Michael zinakwenda sambamba katika vipande vifupi vinavyoruka ghafla kutoka chini hadi juu, na vingi vinaingia pembeni ya pigo badala ya juu yake. Kila pigo limegawanywa sehemu nne, na robo hizo ndizo zinazobeba melodi. Gitaa la besi la Will Lee na dramu za Harvey Mason hazikai nyuma kutunza mdundo tu. Zinagonga kwenye nafasi zilizoachwa na wapulizaji, hivyo mmoja akichelewa hata kidogo wimbo mzima unayumba. Ondoa fanki hapo, weka mwendo wa swing, na hakuna melodi inayobaki. Sasa hicho chambo kiko wapi? Ugumu wote umo ndani ya fanki, na mpulizaji aliyezoea kupita juu ya akodi za jazi kwa starehe anakwama hapo mapema sana. Isitoshe, kama fanki yao ingekuwa ya kuigiza, wenye fanki ndio wangekuwa wa kwanza kuitambua. George Clinton aliwaita ndugu hawa wawili kupuliza kwenye Mothership Connection ya Parliament, mwaka huohuo wa 1975, katika safu moja na Fred Wesley na Maceo Parker, watu waliopikwa na James Brown. Safu ile haikuwa mahali pa kubebana.

Wabishi hukimbilia Don't Stop the Music ya 1977: waitikiaji wale, mapambo yale ya disko! Ni kweli, mapambo yapo, na mengine yanachosha. Lakini "Squids" na "Funky Sea, Funky Dew" zimo humohumo, na mwaka uliofuata zilipigwa jukwaani katika klabu ya My Father's Place, Long Island, bila pambo lolote, huku Terry Bozzio akizichapa dramu kwa nguvu za roki. Rekodi hiyo ndiyo Heavy Metal Be-Bop. Tungo zimesimama vilevile, tena mwishoni mwa "Funky Sea, Funky Dew" bendi inanyamaza na Michael anabaki peke yake na mdomo wa bata wake, akijenga hoja ndefu ya muziki ambayo hakuna mpenzi wa jazi mwenye haki ya kuikana. Wengine watasema pedali na mitambo iliyounganishwa na vyombo ilificha udhaifu. Haiwezekani. Mtambo hupokea kinachotoka kwenye chombo: noti iliyopinda inaingia imepinda na kutoka imepinda kwa sauti kubwa zaidi, na ulimi mzito hauponywi na umeme.

Mwenye kasha mkononi basi aanze na diski ya 1975, kisha aende moja kwa moja Heavy Metal Be-Bop kusikia "Some Skunk Funk" umegeuzwa kuwa nini. Baada ya hapo Straphangin' ya 1981, yenye besi ya Marcus Miller. Back to Back na Detente zifuate, kisha Don't Stop the Music kwa masikio yaliyokwisha kuzoea, na Montreux mwisho. Asitumie spika ya simu, maana besi itapotea na mazungumzo yatabaki ya upande mmoja. Akiwa na nafasi ya wimbo mmoja tu, aupige "Some Skunk Funk" mara mbili: ya kwanza awafuate wapulizaji, ya pili amfuate Mason peke yake.