Mto Tana na Shamba la Ukingoni

Mto Tana, ulio mrefu kuliko mito yote ya Kenya, haukai katika njia moja. Ziwa Shakababo, lililoko sehemu zake za chini, ni pindo la zamani la mto huo lililoachwa maji yalipojikatia njia nyingine. Wapokomo, ambao tangu zamani hulima ndizi na mpunga kandokando yake, wanajua kwamba tope lile lile liletalo rutuba laweza kuchukuliwa tena pamoja na shamba.

Mahali mto upindapo, maji ya upande wa nje huenda kwa kasi na kuchimba chini ya ukingo. Upande wa ndani huenda polepole na kuacha mchanga. Hivyo mmoja hupoteza shamba, na jirani yake wa ng'ambo huongezewa. Wengi hudhani kwamba mafuriko yakipungua hatari imekwisha. Sivyo. Udongo uliolowa ni mzito, na maji yaliyokuwa yakiuegemeza yakishuka, ukingo huanguka. Ufa ulio sambamba na mto ni dalili mbaya.

Hakuna awezaye kutaja siku ya kuanguka, lakini hatari yaweza kupimwa. Mkulima na apigilie kigingi mbali na ukingo, na kila mwaka ahesabu hatua zilizobaki. Chukua mfano wa mtu aliyepoteza hatua 2 mwaka wa kwanza, kisha 1, kisha asipoteze kitu, kisha 9, na mwisho 3. Jumla ni hatua 15 kwa miaka mitano, yaani 3 kwa mwaka. Akijenga nyumba hatua 8 kutoka ukingoni, akitumaini kukaa miaka miwili bila shaka, mwaka mmoja kama ule wa nne utaifikia nyumba.

Basi hesabu ya wastani si ahadi. Tena Bwawa la Masinga, lililomalizika mwaka 1981, lilibadili mwendo wa maji, na mafuriko ya 1961 na ya 1997 hadi 1998 yalikuja kwa nguvu isiyo ya kawaida. Kwa hiyo kumbukumbu za wazee ni za thamani, lakini hazitoshi peke yake.

Mwenye busara hupanda mahindi karibu na mto, kwani hasara yake ni ya msimu mmoja. Nyumba, ghala na miembe huviweka mbali, kwa kuukadiria mwaka ulio mbaya kuliko yote.