Timu inayozama isajili kuanzia nyuma

Makala ya pili kati ya tatu. Kutoka Ilford, London

Wiki iliyopita tulitazama jinsi timu inavyoteleza hadi kwenye mstari wa kushuka daraja. Leo tunaingia katika swali linalozigonganisha kamati za usajili kila dirisha dogo linapofunguliwa: klabu ikiwa mkiani, na fedha zilizopo zinatosha wachezaji wawili au watatu tu, ianze na nafasi ipi? Jibu la jukwaani linajulikana: timu haifungi, basi aletwe straika. Makala haya yanadai kinyume chake. Timu dhaifu isajili kwanza nafasi ambayo mchezaji wake anaweza kufanya kazi yake bila kuwategemea sana wenzake, kisha ipande taratibu kuelekea lango la mpinzani. Kwa mpangilio huo anaanza kipa, anafuata beki wa kati, halafu kiungo mkabaji. Mshambuliaji anakuja baada yao, na winga anamalizia orodha.

Suala la mpangilio lina uzito kwetu kuliko lilivyo Marekani. Katika kandanda yao, ile ya kofia ngumu, timu iliyoshika mkia hupewa zamu ya kwanza kuchagua vijana wanaotoka vyuoni. Utaratibu huo ulianza mwaka 1936. Philadelphia Eagles, waliokuwa wa mwisho, walichagua kabla ya wote na wakamchukua Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago, kijana aliyekuwa na sifa kuliko wenzake. Berwanger hakucheza hata mechi moja katika ligi hiyo. Kwa hiyo hata anayepewa zamu ya kwanza anaweza kutoka mikono mitupu. Soka letu halina upendeleo wa namna hiyo. Klabu ya hapa Ilford, iliyoanzishwa mwaka 1881, ilicheza mechi 18 za Southern League msimu wa 1895-96 na ikapoteza zote. Ilikuwa timu ya ridhaa iliyopambana na klabu zilizolipa wachezaji, na hakuna aliyeipa nafasi ya kwanza ya kuchagua kitu. Ilitoka kwenye ligi hiyo, na heshima yake ikarudi ilipocheza na walio saizi yake: mwaka 1905 ilikuwa miongoni mwa waasisi wa Isthmian League, na mwaka 1929 na 1930 ikatwaa Kombe la Ridhaa la FA mara mbili mfululizo. Katika soka, wa mwisho kwenye msimamo ndiye pia wa mwisho sokoni. Mchezaji mwenye majina mawili ya klabu mkononi hachagui ile inayozama. Kwa kuwa klabu hiyo inachagua katika mabaki, kosa la mpangilio linaiumiza zaidi.

Tuanze na sababu yenyewe. Kipa akiokoa mkwaju, kazi imekamilika. Hakuhitaji pasi ya mtu. Beki wa kati akiuondoa mpira kwa kichwa, alichohitaji ni kusimama mahali pake na kuuona mapema. Kiungo mkabaji tayari anahitaji wenzake wafunge njia ili ajue mpira utapita wapi. Straika anahitaji mpira utoke nyuma salama, uvuke katikati, ufike kwake kwa wakati, na mwenzake awe karibu wa kumvuta beki mmoja. Winga anahitaji hayo yote, pamoja na mtu wa kumalizia krosi yake. Sasa timu inayozama, kwa maana yake halisi, ni timu ambayo wenzake hao hawafanyi kazi zao sawasawa. Ukimweka straika hodari mwisho wa mlolongo uliokatika sehemu tatu, unanunua mabao ambayo hayatafika miguuni kwake. Chombo kikivuja, nahodha huziba kwanza. Tanga jipya litangoja.

Ushahidi ulio karibu zaidi na msomaji wa Kiswahili ni wa Mbwana Samatta. Siku ya mwaka mpya wa 2020, Aston Villa ilicheza na Burnley na kuwapoteza wawili kwa majeraha ya goti katika mechi hiyo moja: mshambuliaji Wesley na kipa Tom Heaton. Januari hiyo klabu ikamleta Samatta kutoka Genk, Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England, na ikamchukua kipa Pepe Reina kwa mkopo. Samatta alianza vizuri. Alifunga katika mechi yake ya kwanza ya ligi dhidi ya Bournemouth, na tarehe 1 Machi akafunga Wembley katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City. Mechi zote mbili Villa ililala 2-1. Ligi iliposimama kwa sababu ya korona, Villa ilikuwa ya 19, imecheza mechi 28 na kuruhusu mabao 56, yaani mawili kila mechi. Iliporudi mwezi Juni, katika mechi 10 zilizobaki iliruhusu mabao 11 tu. Kwa upande wa kufunga mambo yalizidi kuwa mabaya: mabao 7 katika mechi hizo 10. Hata hivyo ilivuna pointi 10 na kubaki kwa tofauti ya pointi moja. Samatta alimaliza ligi na bao lile moja katika mechi 14, na mwezi Septemba akaenda Fenerbahçe.

Tazama mechi nne za mwisho kwa karibu. Villa iliifunga Crystal Palace 2-0, ikatoka sare ya 1-1 na Everton, ikaifunga Arsenal 1-0, kisha tarehe 26 Julai ikaja hapa mashariki mwa London, kwenye uwanja wa West Ham kule Stratford, kituo cha nne cha treni kutoka Ilford. Jack Grealish alifunga dakika ya 84. Dakika moja baadaye Andriy Yarmolenko akasawazisha. Sare hiyo ilitosha. Pointi 8 katika mechi nne, mabao mawili tu yakiwa yameingia. Na bao lililoiua Arsenal lilianzia wapi? Kwenye kona: beki Tyrone Mings akaugusa mpira kwa kichwa, Trézéguet akaupiga kabla haujatua. Timu iliyoziba vizuri nyuma ilihitaji bao moja tu, na beki ndiye aliyelitengeneza. Atakayesema Villa ilikuwa na bahati hakosei. Katika mechi ya kwanza baada ya mapumziko, dhidi ya Sheffield United, kipa Ørjan Nyland aliuvusha mpira mstari akiwa ameukumbatia, mtambo wa kutambua bao ukanyamaza, na mechi ikaisha 0-0. Bila pointi ile wangeshuka. Lakini bahati ya aina hiyo huisaidia timu ambayo mechi yake bado ni 0-0; iliyokwisha kufungwa matatu haina cha kufanya nayo.

Samatta hakushindwa kwa kukosa kipaji. Aliwekwa mahali panapotegemea wengine kuliko pote, katika timu ambayo wengine hao walikuwa bado hawajatengemaa. Kwamba hali hii si ya Villa peke yake tunaiona kwa jirani zetu West Ham. Msimu wa 2002-03 walikuwa na Paolo Di Canio, Jermain Defoe, Frédéric Kanouté na Joe Cole, safu ambayo timu nyingi za juu zingeitamani. Januari 2003, katika dirisha dogo la kwanza kabisa la England, miongoni mwa waliowaongeza alikuwa mshambuliaji mwingine, Les Ferdinand, mwenye umri wa miaka 36. Walishuka na pointi 42. Bolton, waliobaki na pointi 44, walifunga mabao 41, moja pungufu ya West Ham; lakini waliruhusu 51, na West Ham 59. Timu hizo zilipokutana Aprili, Jay-Jay Okocha alifunga bao moja na Bolton wakalilinda hadi mwisho. Miaka 21 baadaye hesabu ikajirudia: Luton ilifunga mabao 52 msimu wa 2023-24 na ikashuka kwa sababu iliruhusu 85, wakati Everton ilifunga 40 tu, ikaruhusu 51, ikakatwa pointi 8 na bado ikabaki.

Mpinzani wa hoja hii atamtaja Carlos Tévez, na ana haki. Msimu wa 2006-07 West Ham hao hao walikuwa wamekwisha kuzikwa mdomoni mwa watu. Tévez akafunga mabao 7 kuanzia mwezi Machi, likiwemo la ushindi Old Trafford siku ya mwisho, na timu ikabaki. Je, hakuokoa mshambuliaji? Aliokoa, ila si peke yake. West Ham ilishinda 7 kati ya mechi zake 9 za mwisho, na katika 5 kati ya hizo 7 haikuruhusu bao. Kwenye uwanja wa Arsenal ilishinda 1-0 kwa bao la Bobby Zamora, huku kipa Robert Green akipigiwa mashuti karibu muda wote. Januari ile klabu ilikuwa imemsajili beki Lucas Neill. Zaidi ya hayo, Tévez ni mfano wa mshambuliaji adimu anayejitengenezea nafasi mwenyewe, na mtu kama huyo hafiki kwa maskini kwa mlango wa kawaida. Alikuja kwa mkataba ulioshirikisha wamiliki wa nje ya klabu, na West Ham ikatozwa faini ya pauni milioni 5.5 kwa ajili yake. Kamati isijenge sera juu ya kitu kisichorudiwa.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Middlesbrough ya 2016-17 iliruhusu mabao 53 tu, na ikashuka, kwa kuwa ilifunga 27. Msimu huo huo Bournemouth iliruhusu 67, ikafunga 55 na kumaliza ya tisa. Hapa lazima tukubali mpaka wa hoja. Ulinzi hukupa sare, na tangu England ilipoanza kutoa pointi tatu kwa ushindi mwaka 1981, sare peke yake hazimwokoi mtu: Middlesbrough ilipata sare 13 na kushinda mara 5. Mpangilio ninaoutetea unasema pa kuanzia. Hausemi mtu aishie hapo. Aliyekwisha kuziba nyuma apande juu. Lakini idadi ya mabao aliyofungwa ndiyo itakayomwambia kama kweli amekwisha kuziba. Kelele za jukwaa hazipimi hilo.

Wapo pia wanaosema: mchukue mchezaji bora aliyepo, nafasi itajulikana baadaye. Kanuni hiyo inafaa kwa Wamarekani, wanaochagua vijana wa kukuzwa kwa miaka. Klabu yenye mechi 15 za kujiokoa haina miaka. Kiungo fundi asiye na wa kumlinda mgongoni ataonekana mbovu kabla hajaizoea ligi, na thamani yake itashuka pamoja na timu.

Kwa hiyo kamati inayokutana usiku wa kuamkia kufungwa kwa dirisha iulize swali moja kwa kila jina lililo mezani: huyu atatoa asilimia ngapi ya kazi yake ikiwa wenzake watacheza vilevile walivyocheza Jumamosi iliyopita? Jina lenye jibu kubwa zaidi lilipwe kwanza, hata kama mashabiki hawatamwimba uwanja wa ndege. Wiki ijayo tutamaliza mfululizo huu kwa kumtazama kocha: lini kumbadilisha ni tiba, na lini ni kumtafuta wa kubebeshwa lawama ya usajili mbaya.