Nyumba ya Kukarabati na Kuuza: Matengenezo Gani Yatangulie?

SWALI: Nimenunua nyumba kongwe Tanga mjini ili niikarabati na kuiuza. Fedha niliyobakiwa nayo haitoshi matengenezo yote. Fundi ananishauri nitangulize jipsamu, vigae na rangi kwani ndivyo mnunuzi anavyoviona, na ukuta wenye unyevu tuupige skimu. Nianze na lipi, na je, inajuzu?

JIBU:

Kununua nyumba chakavu, kuitengeneza na kuiuza kwa faida ni biashara ya halali, wala hulazimiki kuifanya iwe mpya. Tatizo ni hiyo skimu. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) alikataza kuacha kumkama ngamia au kondoo siku kadhaa ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Aliyeuziwa akapewa khiyari: abaki na mnyama, au amrudishe pamoja na pishi moja ya tende. Hadiyth hii imo katika Al-Bukhaariy na Muslim. Zingatia kwamba muuzaji huyo huenda hakutamka uongo wowote. Kiwele ndicho kilichosema. Skimu juu ya ukuta wenye maji ni kiwele kilichofungwa.

Sasa tuje kwenye mpangilio. Tanguliza kinachoweza kuua. Katika nyumba za pwani hicho mara nyingi ni zege lililokula chumvi: nondo hushika kutu, kutu huvimba, na zege hupasuka vipande. Gonga chini ya slabu na kwenye lenta. Ukisikia sauti ya uwazi au ukiona mistari ya rangi ya kutu, mwite mhandisi kabla ya fundi rangi. Waya za umeme zilizochakaa ziko daraja hilohilo. Haya usiyaache kwa kutegemea kupunguza bei, kwani wanaolala humo ni pamoja na watoto ambao hawakutia saini mkataba.

Kinachofuata ni maji: paa linalovuja, karo lililojaa au kupasuka, na unyevu unaopanda kutoka kwenye msingi. Hakuna umaliziaji unaodumu juu ya maji. Ukuta unaotoa chumvi, ile ambayo mafundi wengine huiita magadi, lazima utafutiwe chanzo, lipu yake mbovu ibanduliwe na uachwe ukauke, pengine kwa miezi. Na ikiwa nyumba ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, usiipige lipu ya saruji. Saruji hufungia unyevu ndani na mawe huzidi kuoza. Irudishie chokaa.

Mchwa kwenye kenchi na boriti huonekana kwa kuchoma mbao kwa bisibisi. Vigae na jipsamu ni vya mwisho, na mimi ningeviacha kabisa ikiwa fedha ni finyu, kwani wanunuzi wengi huvibadilisha kwa ladha yao.

Yapo matengenezo yasiyo ya hatari ambayo hayarudishi gharama yake. Tuseme kubadilisha mabati yote kutakugharimu shilingi milioni 9, na bei ya nyumba itapanda milioni 5 tu. Si lazima uyabadilishe. Mwambie mnunuzi kwamba mabati yamechoka, mpandishe juu ayaone, na bei izingatie hilo. Kubainisha aibu kunatosha hapo.

Wengine hudhani kuandika "nyumba inauzwa kama ilivyo" kunawavua dhima. Wanavyuoni wamekhitilafiana juu ya sharti la namna hii, lakini katika madhehebu ya Ash-Shaafi'iy, yanayofuatwa na wengi wa pwani yetu, halimwondolei muuzaji aibu ya nyumba aliyoijua akainyamazia. Mnunuzi akiigundua baadaye, na ilikuwepo kabla ya mauziano, ana haki ya kurudisha nyumba na kudai fedha yake, mradi asicheleweshe bila udhuru.

Kwa hiyo piga picha za kuta na paa kabla fundi hajagusa kitu, na uziweke. Katika mkataba taja kilichotengenezwa na kilichoachwa, kisha mnunuzi asaini mbele ya mashahidi baada ya kusomewa. Fundi wako akikataa kubandua lipu ile, tafuta mwingine.

Na Allaah Anajua zaidi.