Kufungua muhogo ili sumu itoke: viwandani kwa umeme, kwetu kwa maji



Huko Ulaya, viwanda vya kukaanga viazi vinapiga umeme juu ya viazi vibichi. Viazi vinapita ndani ya maji, katikati ya vyuma viwili, na umeme mkali unapigwa mapigo mafupi sana, mafupi kuliko kufumba jicho. Umeme ule haupiki kiazi. Unatoboa seli zake, yaani vile vyumba vidogo visivyoonekana kwa macho. Kiazi kinalainika na kinakatwa vizuri, bila kupashwa moto kwanza.

Mashine hizo ni za bei kali, na sisi huku Bibokoboko hatuna. Lakini kufungua seli ni kazi tunayoijua: njo maana tunalowesha mihogo.

Sababu ni hii. Muhogo mchungu una linamarini ndani ya seli. Kimeng'enya kinachoivunja kinakaa pembeni, kwenye kuta za seli. Seli zikiwa nzima, viwili hivyo havikutani. Seli zikifunguka, vinakutana, linamarini inavunjika, na sumu ya sianidi inatoka na maji na hewa. Ukikata muhogo vipande vinene na kuuanika tu, seli nyingi zinabaki zimefungwa na sumu inabaki ndani.

Hatari yenyewe ni konzo. Miguu inakakamaa ghafla na haiponi tena. Inashika zaidi watoto na wamama wenye umri wa kuzaa. Jina limetoka Kiyaka, maana yake miguu iliyofungwa. Mwaka 2011 watafiti waliandika kwamba imeonekana hata Burhinyi, hapa hapa Sud-Kivu. Inakuja wakati wa vita na njaa, watu wanapofupisha siku za kulowesha na kukosa maharagwe, samaki au nyama.

Basi tufanye hivi:

1. Menya maganda, kisha lowesha siku 3 mpaka 4, hadi muhogo uvunjike kwa vidole. Huku juu kwenye baridi siku zinaongezeka kuliko Baraka. Usihesabu siku tu. Bonyeza kwa kidole.
2. Mwaga maji yale, vunjavunja, anika juani hadi ukauke kabisa.
3. Kama una mashaka na unga, uchanganye na maji, utandaze usizidi unene wa sentimita 1. Uache saa 2 juani au saa 5 kivulini, kisha pika bugali siku ile ile. Njia hii ilisimamisha wagonjwa wapya wa konzo katika kijiji cha Kay Kalenda, huko Kwango. Lakini haichukui nafasi ya kulowesha.

Koperative inayonunua mihogo mikavu iulize kila muuzaji: umelowesha siku ngapi? Na tusimpunguzie bei yule aliyechelewa sababu alingoja muhogo ulainike. Siku alizongoja zinalinda miguu ya watoto wetu.