Barua Zilizosafiri Hewani: Posta ya Paris Wakati wa Vita vya 1870

Mtu apokeapo barua hutazama kwanza mwandiko, apate kujua imetoka kwa nani. Muhuri wa posta huutupia jicho tu, au asiutazame kabisa. Lakini wakati wa vita muhuri huo huweza kuwa shahidi wa safari ambayo hata mwenye kuiandika barua hakuijua. Mfano mmoja ni barua zilizotoka Paris, mji mkuu wa Ufaransa, mwaka 1870.

Tarehe 19 Septemba mwaka huo majeshi ya Prussia na ya nchi nyingine za Kijerumani yaliuzingira mji huo pande zote. Treni zikasimama, nyaya za simu zikakatwa, na matarishi waliojaribu kupenya kwa miguu wengi walikamatwa au kurudishwa. Watu wapatao milioni mbili wakawa hawana njia ya kuwaarifu jamaa zao kama wa hai au wamekufa.

Njia iliyosalia ilikuwa ya juu. Tarehe 23 Septemba baluni lililoitwa Neptune, likiongozwa na Jules Duruof, lilipaa kutoka Montmartre na kilo 125 hivi za barua. Likapita juu ya vichwa vya adui, na baada ya saa tatu likatua karibu na mji wa Évreux. Siku chache baadaye Serikali iliamuru ya kuwa barua ya baluni isizidi uzito wa gramu 4, na malipo yake yawe santimu 20. Basi watu wakaandika kwa herufi ndogo katika karatasi nyepesi. Mabaluni mengine yakatengenezwa katika stesheni za reli zilizokosa kazi, na mabaharia wakafundishwa kuyaongoza. Mabaluni zaidi ya 60 yalitoka Paris, yakachukua barua zipatazo milioni mbili na nusu.

Je, yajulikanaje barua fulani ilisafiri katika baluni gani? Hapo ndipo muhuri unaposema. Stampu za Paris zilipigwa muhuri wenye umbo la nyota, na kando yake muhuri wa mviringo wenye tarehe. Barua ilipofika, posta ya huko iligonga muhuri wake pia. Mwenye kuzilinganisha tarehe hizo mbili na siku za kupaa kwa mabaluni mara nyingi aweza kulitambua baluni lenyewe. Wala si kazi nyepesi, kwa maana baluni halikwenda alikotaka nahodha, bali ulikokwenda upepo. Baluni Ville d'Orléans lilitoka Paris usiku wa tarehe 24 Novemba, likavuka bahari, na kesho yake likatua katika milima ya Norway!

Kutoka kulikuwa rahisi kuliko kurudi, kwa kuwa baluni halikuweza kulengwa Paris. Kwa hiyo majibu yaliletwa na njiwa, waliotolewa mjini kwa mabaluni. Mpiga picha René Dagron alizipunguza barua kwa picha hata maelfu yakaenea katika utando mwembamba, ukatiwa ndani ya unyoya na kufungwa mkiani mwa njiwa. Paris zilikuzwa kwa taa na kunakiliwa na makarani. Njiwa wengi walipotea kwa baridi, kwa mwewe na kwa risasi. Ndiyo sababu ujumbe mmoja ulipewa njiwa wengi.

Tena palijaribiwa mipira ya zinki iliyotiwa barua na kutupwa katika mto Seine, ichukuliwe na maji mpaka mjini. Hata mmoja haukufika kabla vita kusimamishwa mwishoni mwa Januari 1871. Mmojawapo ulionekana mtoni mwaka 1968, na ndani yake barua zaidi ya 500. Waliozingojea walikuwa wamekwisha kufa zamani.