Viwanja Vipo, Tarehe Haipo: Biashara ya Pambano la Mwaka Meru na Embu

Uwanja wa Kinoru mjini Meru uliboreshwa kwa ajili ya mashindano ya soka ya CHAN 2018. Septemba 2017 shirikisho la soka la Afrika, CAF, likaipokonya Kenya mashindano hayo, yakaenda Morocco. Tarehe 1 Juni 2018 Kinoru ikapokea sherehe za Madaraka, wageni wakala, wakapigiwa saluti, wakarudi makwao. Miaka mitano baadaye ikawa zamu ya Embu: Uwanja wa Moi ukakarabatiwa kwa Madaraka ya 2023. CHAN ilipofika Kenya hatimaye, Agosti 2025, mechi zilichezwa Kasarani na Nyayo.

Miji hii miwili basi imepata viti, nyasi na majukwaa, na kila mmoja umeonja siku moja kubwa. Tangu hapo viwanja vimeishi kwa wapangaji wa kupita: mechi za ligi, mikutano ya siasa, mikesha ya maombi. Kodi ya siku moja huingia, na biashara huishia hapo. Nimezunguka na swali la kwa nini biashara huishia hapo miongoni mwa wenye hoteli, wachuuzi na waendeshaji matatu, na ninaamini jibu lake ni jepesi kulitaja na gumu kulitekeleza: hakuna mtu anayemiliki tarehe. Hakuna siku katika kalenda ambayo kijana wa Runyenjes au Maua anaiwekea akiba kwa sababu anajua pambano litakuwapo, mwaka huu na mwaka ujao.

Walioijua kazi ya kumiliki tarehe kuliko wote ni Wamexico. Salvador Lutteroth alianzisha kampuni ya mieleka ya kulipwa Septemba 1933, na 1934 ikafanya onyesho lake la kwanza la kumbukumbu. Leo inaitwa CMLL, ndiyo kongwe kuliko zote duniani zinazoendelea na kazi, na Septemba ya kila mwaka bado ni yake. Mwaka 1956 ilifungua ukumbi wake yenyewe, Arena México, unaoingiza watu zaidi ya 16,000. Mwaka 1992 Antonio Peña alijitenga nayo akaunda AAA, akisaidiwa na kampuni ya televisheni ya Televisa, na mwaka uliofuata akazindua Triplemanía. Tangu 1997 AAA imekuwa pia na shindano la mtoano la kila mwaka, Rey de Reyes. Aprili 2025 kampuni ya mieleka ya WWE ya Marekani ikatangaza kwamba inainunua AAA. Mnunuzi wa aina hiyo hanunui kamba na magodoro ya ulingo. Ananunua majina, kanda za miaka thelathini na siku ambazo mashabiki wamezoea kuzingoja.

Ndani ya mashine hiyo ya mieleka, onyesho la mwaka ni mavuno. Kilimo chenyewe hufanyika wiki hadi wiki. CMLL hupiga mieleka Arena México kila Ijumaa, pamoja na siku nyingine za wiki. Wapiganaji wawili huanza kugombana katika pambano dogo, mmoja humchania mwenzake barakoa, kisasi kinaahirishwa, shabiki anarudi wiki ijayo. Hasira hiyo hukuzwa kwa miezi hadi siku kuu, ambapo wawili hao huweka barakoa zao rehani: atakayeshindwa huvuliwa mbele ya umati, hutaja jina lake la kuzaliwa, na kwa desturi haivai tena barakoa hiyo. Matokeo hupangwa kabla, lakini anguko ni la mwili halisi, na hasara ya barakoa ni hasara ya riziki, kwa kuwa barakoa ndiyo chapa ya mpiganaji. Nje ya ukumbi wachuuzi huuza nakala zake kwa watoto. Tiketi, televisheni, barakoa, vinywaji: fedha hizo zote zinafuata kisa kimoja kilichosimuliwa vizuri.

Je, huku kwetu kuna wa kukisikiliza? Wako tele. Vibanda vya video vya Gakoromone, Maua na Siakago vimewalea mashabiki wa mieleka kwa sarafu chache kwa kila kiingilio. Mtoto asiyejua jina la mbunge wake anamjua Rey Mysterio na barakoa yake. Tena tumekwisha kuthibitisha kwamba msimulizi ni nusu ya bidhaa: DJ Afro alijijengea jina Kenya nzima kwa kusimulia filamu za mapigano kwa lugha ya mtaani.

Uganda imekwenda hatua moja mbele. Huko Mukono, Daniel Bumba, maarufu kama Bumbash, aliyekuwa akiwasimulia Waganda mieleka ya Marekani kwa Kiluganda, alianzisha Soft Ground Wrestling mwaka 2023. Hakungoja ulingo wa kisasa. Alisimamisha nguzo za miti, akazungushia kamba, akalowesha udongo hadi ukawa tope la kupokea mgongo unaoanguka. Vijana wakaruka kutoka juu ya nguzo, simu zikarekodi, na dunia ikatazama. Somo la kibiashara hapo ni la kuheshimiwa: gharama ya kuanza ilikuwa jasho, na soko la kwanza lilikuwa mtandaoni. Ila video inayosambaa haimlishi mpiganaji kama hakuna mlango wa kulipia wala siku ya kungojewa.

Meru yenyewe ina mfano mzuri kuliko yote, ingawa si wa ulingo. Mbio za Lewa zilianza mwaka 2000, zikiandaliwa na hifadhi ya Lewa pamoja na shirika la Tusk la Uingereza, na kwa miaka mingi zilibeba jina la Safaricom. Mwishoni mwa Juni, wakimbiaji zaidi ya elfu moja husimama kwenye barabara ya vumbi katika nyika ya vifaru, mita 1,700 hivi juu ya bahari. Njia ni mzunguko wa kilomita 21. Wa marathoni kamili huupiga mara mbili. Angani helikopta na ndege ndogo huzunguka kuwaweka wanyama mbali na njia, na askari wa hifadhi wako ardhini na bunduki zao. Wanaokimbia hulipa ada, na wengi huchangisha zaidi kutoka kwa marafiki na kampuni. Fedha huenda kwenye uhifadhi, shule, zahanati na maji. Mwandaaji anamiliki uwanja, anamiliki tarehe, na anajua pesa inakwenda wapi. Ndiyo maana mdhamini hurudi.

Sasa tupige hesabu ya mieleka, kwa makadirio tu. Mashabiki 2,000 wakilipa shilingi 200 kila mmoja ni shilingi 400,000. Toa kodi ya uwanja, kibali cha kaunti, polisi, ambulensi, vipaza sauti, usafiri, matangazo ya Muuga FM kwa Wameru na Wimwaro FM kwa Waembu, kisha uwalipe wapiganaji 16 kwa heshima. Mlango peke yake hautoshi. Faida iko kwenye mabanda ya chakula, fulana na barakoa, haki za kurekodi, na mdhamini. Na kwa mdhamini tunatahadharishwa na ya 2019: kampuni ya kamari ya SportPesa ilipogombana na serikali juu ya kodi na leseni, iliondoa udhamini wake, na klabu zilizoegemea mfuko huo mmoja zikayumba. Wadhamini watano wadogo, wauza mbolea, saruji, pikipiki na vinywaji, ni salama kuliko mmoja mwenye mkoba mnene.

Swali la tarehe ndilo ambalo mwandaaji kutoka Nairobi angekosea. Hapa pesa ina misimu. Miraa ya Nyambene na muguka wa Mbeere huleta fedha ya kila siku, lakini kwa wakulima wa chai, kuanzia Mungania na Rukuriri upande wa Embu hadi Githongo na Michimikuru upande wa Meru, bonasi huja Oktoba. Mwezi huohuo kuna sikukuu ya Mashujaa, tarehe 20. Lakini pia huo ndio mwezi wa mvua za vuli, na ulingo wa wazi hauna urafiki na mvua ya Meru. Wikendi inayofuata malipo ya bonasi, kabla mvua haijakolea, ndiyo siku ambayo ningeipigania.

Kaunti zina nafasi ya kusaidia bila kuwa waandaaji. Katiba ya 2010 imeziachia burudani ya umma na viwanja vya michezo. Kwa hiyo Kinoru na Uwanja wa Moi vinaweza kukodishwa kwa mkataba wa miaka mitano wa wikendi ileile, badala ya barua ya kuomba kila mwaka kwa afisa mpya. Mkataba huo ungempa mwandaaji kitu cha kumwonyesha mwenye benki. Ningeongeza sharti moja, na hili silisemi kwa adabu tu: bima ya kila mpiganaji ilipwe kabla tiketi ya kwanza haijauzwa. Vijana wanaotua kwa mgongo ndio mtaji wa biashara hii, na tumekwisha kuona mabondia wengi wazuri wa nchi hii wakizeeka bila senti.

Kisha kuna barabara. Lami ya Embu hadi Meru inapita Runyenjes na Chuka, na kutoka Meru unapanda Maua. Kituo kimoja baada ya kingine, jioni za Jumamosi, kwenye kumbi za shule na viwanja vya soko, kwa kiingilio cha shilingi hamsini: huo ndio ungekuwa msimu, na huko ndiko visa vingepikwa. Anayetaka kuujaza Kinoru Oktoba itambidi awe Chuka na ulingo wake ifikapo Februari.