Ukavu wa Moyo katika Taamuli ya Kibuddha

Neno la Kipali sati, linaloweza kufasiriwa kuwa uzingativu, asili yake ni kukumbuka, kwa kuwa anayezingatia pumzi yake hana kazi nyingine ila kukumbuka, kila akili inapopotea, kuirudia pumzi hiyo. Siku za mwanzo zoezi hili aghalabu huleta utulivu, na pengine furaha isiyotarajiwa, lakini baada ya miezi wengi hufikia mahali ambapo pumzi huhesabiwa kama magunia ghalani, moyo hausikii chochote na kope huwa nzito kabla dakika kumi hazijapita. Kosa la kawaida ni kuiona hali hiyo kuwa uvivu na kuitibu kwa kuongeza saa za kukaa, ilhali mapokeo yenyewe yanatofautisha hali kadhaa zinazofanana kwa nje tu.

Ukavu wa kwanza hata una jina la heshima. Wafafanuzi wa kale wa madhehebu ya Theravada humwita sukkhavipassaka, yaani mwenye kuona kwa ukavu, mtu anayechunguza kuzuka na kutoweka kwa mambo bila kulowanishwa kwanza na jhana, ile hali ya kuzama ambayo huandamana na raha. Njia hii ilienezwa sana na mtawa wa Burma Mahasi Sayadaw (1904–1982), aliyewafundisha watu kuangalia tumbo linavyopanda na kushuka. Nayo haiko mbali na Afrika Mashariki, kwa kuwa mfuasi wake, U Silananda, ndiye aliyempa utawa huko California mwaka 2002 Mganda Bhante Buddharakkhita, ambaye mwaka 2005 alianzisha Kituo cha Kibuddha cha Uganda karibu na Entebbe, ng'ambo ya Ziwa Viktoria kwa msomaji aliye Geita, Tanzania. Kukosa raha katika njia hiyo, basi, hakuthibitishi kwamba njia imepotea.

Ukavu wa pili ni wa hila zaidi. Buddhaghosa, mfafanuzi wa karne ya 5, alieleza kwamba upekkha, yaani usawa wa moyo usioyumbishwa na sifa wala lawama, una adui wa karibu anayefanana nao kama ndugu, naye ni kutojali kunakotokana na ujinga. Mwenye adui huyo hujiona amekomaa kwa sababu kilio cha mtoto hakimgusi tena. Dawa yake ni metta, zoezi la kuwatakia wengine heri, kuanzia nafsi yako, kisha mtu umpendaye, hadi yule mliyegombana naye, na pengine walimu wanaofundisha pumzi peke yake wamewapunja wanafunzi wao. Wakristo nao wanaujua ukavu, kwani Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992 inautaja miongoni mwa magumu ya sala. Hata hivyo, ukavu unaoandamana na kukosa hamu ya chakula, kazi na watu kwa zaidi ya majuma mawili unaweza kuwa sonona, na mahali pake ni kituo cha afya.

Uchovu ni jambo jingine. Thina-middha, uzito wa akili na usinzivu, ni kimojawapo cha vizuizi vitano vya taamuli, na Buddha aliufananisha moyo uliolegea na moto mdogo, ambao mtu akiutupia nyasi mbichi hautawaka. Kumtaka aliyelegea atulie zaidi ni kumwongezea nyasi hizo, ndiyo maana hushauriwa kuchunguza mafundisho na kuamsha bidii na furaha. Moggallana, mwanafunzi aliyekutwa akisinzia, alipewa orodha ya vitendo kabisa: abadili anachokizingatia, ayatafakari mafundisho, ayakariri, avute masikio na kujisugua viungo, asimame, anawe macho na kutazama nyota, aiwazie nuru, atembee, na yote yakishindikana, alale kwa ubavu wa kulia akiazimia kuamka.

Kipengele hicho cha mwisho, kulala, kina uzito wa pekee katika ukanda wa dhahabu wa Tanzania, kusini mwa Ziwa Viktoria. Mgodi wa Buzwagi, Kahama, ulioanza uzalishaji mwaka 2009, umekwisha kufungwa, lakini kazi ya zamu ingali ikiendelea Bulyanhulu na Geita, na kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo karasha husaga mawe na watu hushuka duarani, yaani shimoni, hata usiku. Anayetoka zamu alfajiri, masikio yakiwa bado yanavuma kwa mashine, akakaa kuzingatia pumzi na kusinzia, hana kizuizi cha kiroho cha kupambana nacho; ana deni la usingizi, ambalo taamuli hailipi. Atatundika kanga dirishani kuzuia jua la saa mbili, atageukia ubavu wa kulia, na pumzi ataikuta hapo hapo jioni.